Hana Neno

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa koo kaninyamazisha! Nina vinundu kwenye nyuzi za sauti — viwili, vinatazamana kama majirani wagomvi. Nyuzi hazikutani vizuri, pumzi inavuja katikati, ndiyo maana sauti inakwaruza kama mlango mbovu. Matunda ya miaka ya kupayuka mbele ya darasa lililofurika, mvua inapiga mabati juu. Nisiongee mpaka aniite tena. Hata kunong'ona marufuku. Nikilazimisha, sauti inaweza isirudi kabisa. Mume wangu kacheka: eti nyumba nayo itapumzika. Mpumbavu.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda kufundisha hivyo hivyo. Somo la sauti — la sauti, jamani! Nikaandika ubaoni: penye sauti, kuna kitu kinatetema. Nikabana rula ukingoni mwa meza, nikaichapa. Ikavuma. Nikaifupisha, mlio ukawa mwembamba. Kisha nikawaonyesha waweke vidole kooni, waseme "aaa". Msichana wa dawati la mbele akaruka: Mwalimu, kuna nyuki humu ndani! Nilicheka kimyakimya mpaka machozi.

Halafu mwalimu mkuu kachungulia. Kawaambia watoto, mbele yangu, kwamba sasa ndiyo nimekuwa mwalimu mpole, mzuri. Nilivunja chaki mkononi.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji kaja, kaka mkubwa wa mume wangu. Mama mkwe kaanguka bafuni, kavunjika nyonga, anahitaji mtu wa kumuuguza. Maskini, namhurumia kweli. Lakini mtu mwenyewe nani? Chiriku, binti yangu! Yuko kidato cha tatu, aache shule "kwa muda". Muda gani? Hakuna anayesema. Shemeji ana vijana wa kiume wamejaa kwake, wanalala mpaka jua liwachome. Hao hawana mikono?

Nikatikisa kichwa. Nikaandika HAPANA kwenye karatasi, nikamwekea mume wangu mapajani. Akaikunja bila kuisoma. Akamwambia kaka yake: Mama Chiriku hana neno.

Hana neno!!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika jikoni, mwandiko unaruka. Gari la shemeji liko nje, kaliacha linanguruma, vioo vya dirisha vinatetema. Begi la Chiriku liko mlangoni. Kalifunga mwenyewe, macho yamevimba. Kaniuliza: Mama, kweli umekubali? Ndivyo baba yake alivyomwambia!

Nikaingia sebuleni. Nikavuta pumzi, nikaisukuma. Upepo mtupu. Nikasukuma tena kwa nguvu, nikahisi nyuzi zinagusana, zinakwaruzana, maumivu mpaka masikioni — ikatoka.

"Sijakubali."

Nzito, mbovu, kama ya mzee wa kiume. Lakini ilitoka! Shemeji akapaliwa na chai. Chiriku akaangua kilio.

Na mume wangu? Ndiyo kwanza kamkumbuka daktari. Jamani mke wangu, usiongee, utajiumiza! Huruma imemjia leo.

Nimekuja huku kunywa maji. Koo linawaka moto, mate yana ladha ya damu. Wananong'ona huko. Namsikia shemeji: Hasira tu hizo, zitaisha, mpakie mtoto twende. Begi linaburuzwa sakafuni. Mlango wa gari umefunguliwa.

Chiriku ananiita. Naenda kwake —