Malkia Mwenye Kovu

Mdogo wangu,

Uniwie radhi kwa kimya cha miezi minne. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu, na bati la jikoni limeacha kuvuja.

Mjukuu wetu bado anamchora yule malkia wa katuni za runinga. Jana jirani yetu fundi cherehani aliingia amevaa fulana yenye malkia huyohuyo.

"Mwalimu, nawe ingekukaa," alinitania. "Zimejaa stendi."

Malkia wa runinga hana kovu. Wa fulana ana kovu juu ya jicho, kama alilokuwa nalo marehemu mama wa mtoto. Mtoto alilitia kovu hilo katika mchoro mmoja tu, nao nilikutumia wewe uutundike ukutani.

Aliitazama fulana, akaniuliza, "Babu, kwani babu mdogo aliupoteza ule mchoro?"

Nikamwambia nitauliza. Simtaji mtu, ila wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa anakuchorea mwingine, eti wa kufidia uliopotea. Sijaamua kama nitaupeleka posta. Nikishaamua, nitakuandikia.

Kaka yako