Ngozi ya Chui wa Bi Mize

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imenifikia hapa Tunguu, marahaba. Mama yako hajambo. Goti langu tu ndilo linalonuna.

Unauliza kama chui wetu wa Unguja, aliyekwisha kutoweka, anaweza kuumbwa tena kwa hivyo vinasaba vya ngozi kavu. Ngozi nnayo, imo kashani. Nilikuwa miongoni mwa waliomuua.

Siku hizo tuliamini kila chui ana mtu anayemfuga kwa uchawi. Huyu tulisema ni wa Bi Mize, jirani yetu mjane. Tulipomchoma mkuki hatukushangilia. Tulikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Bi Mize, mikuki ingali na damu, tukatazame kama naye atakufa.

Tulingoja. Mlango ukafunguka. Akatoka na kata ya maji.

"Kunyweni, wanangu. Mmechoka."

Hatukunywa. Tuliyaogopa maji yake. Mwezi ule ule akahama, bila ya kumuaga mtu.

Ngozi nitakupa, ukate utakacho. Lakini mkimfufua chui huyo mkamwachia huku kwetu, nijibu, mwanangu: safari hii tutasema ni wa nani?

Babu yako