Shadya wa Ukutani

Buguruni, 9 Mei 2025

Mwanangu Aiman,

Assalaam alaykum. Sie huku hatujambo, isipokuwa baba yako na magoti yake, nami nashukuru Mungu. Natumai na wewe u mzima na unakula.

Sadallah wa dukani alipokuletea chakula ofisini juzi, alirudi midomo imemkauka. Anasema kamwona Malak ukutani kwenu. Picha ile ya Idi, ya mtandio wa kijani. Chini yake pameandikwa anaitwa Shadya, ana miaka ishirini na saba, kaolewa, ana watoto wawili, anakaa Temeke.

Aiman, mdogo wako ana miaka mitatu kaburini. Huu ni mchezo gani? Sitaki kuyasema kwenye simu, baba yako atasikia, na unajua hataki jina lile litajwe humu ndani. Anasema tumwache apumzike. Basi mbandue leo hii. Nimekasirika, utaona hata kwenye mwandiko.

Ni mimi, mama yako.

---

Mwenge, 12 Mei

Shikamoo Mama,

Wa alaykum salaam. Mie mzima, kikohozi tu kidogo. Pilau ilifika ya moto na niliimaliza yote. Mpe baba pole ya magoti.

Nisamehe. Siyo mchezo, ni kazi. Tunatengeneza huduma ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa na kuwapelekea nyumbani. Kabla hujachora chochote, bosi wetu Benson anataka ubuni mtu mmoja atakayeitumia: jina lake, umri, anapoishi, anachokiogopa. Unambandika ukutani, na kila mkibishania kitufe mnajiuliza kama yeye atakielewa. Wa kwangu nikampa seli mundu, maana ndio ugonjwa ninaoujua, kwa Malak. Ilipofika kwenye picha, zote za mtandaoni zilikuwa za Wazungu wanaocheka na vidonge mkononi. Nikamweka Malak. Umri nao nikauendeleza tu, angekuwa na ishirini na saba mwaka huu.

Nikipata picha nyingine nambandua.

Mwanao, Aiman.

---

Buguruni, 16 Mei

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hatujambo. Kikohozi kimepungua? Kunywa tangawizi, usijifanye daktari.

Usimbandue kwanza.

Nina maswali na sina wa kumuuliza. Huyo mume ni nani? Sadallah anasema umeandika fundi friji. Fundi friji, Aiman! Baba yako angemtoa mbio na fimbo. Na kwa nini Temeke, mbali na mimi? Akishikwa na maumivu ya mifupa, nani anamkanda? Watoto wanaitwaje? Halafu umeandika anapenda chai ya maziwa. Malak na maziwa wapi na wapi? Rekebisha.

Najua ni uongo, sijarukwa na akili. Lakini tangu arobaini yake ipite sijapata mtu wa kuzungumza naye habari zake, na kunyamaza kumenichosha.

Mama yako.

---

Mwenge, 30 Mei

Shikamoo Mama,

Kikohozi kimekwisha, tangawizi imeshinda. Nyie hamjambo?

Watoto ni Aidarus na Hamdiya, nimewapa majina ya baba na yako. Wa kike ana kiburi chako. Fundi friji nimemwacha, ni mpole na hana mkono wa birika, baba angemzoea. Temeke nimewahamisha, sasa wanakaa mtaa wa nyuma yenu, kwa hiyo wa kumkanda ni wewe. Maziwa nimeyafuta.

Benson anasema naandika tamthilia, ila wote wamempenda. Kwenye vikao ni "Shadya hataelewa hapa," "Shadya atachoka kusubiri." Mama, hapa anatajwa kutwa, na wala hawajui wanamtaja nani. Mie nasikiliza, roho inatulia.

Mwanao, Aiman.

---

Buguruni, 13 Juni

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sie wazima, na jana nimelala usingizi mtamu.

Usinicheke. Nilikuwa na kipande cha kitenge kimebaki, nikamshonea gauni Hamdiya mdogo. Nilipomaliza nikalitazama, nikampelekea mtoto wa jirani, limemkaa vizuri. Lakini nilipokuwa nakata nilikuwa namkatia yule wa kwako.

Likimpata lolote Shadya, jema au baya, niambie.

Mama yako.

---

Buguruni, 25 Julai

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Bakuli la chakula limerudi tena safi, bila barua yako. U mzima? Shadya hajambo?

Mama yako.

---

Buguruni, 19 Septemba

Aiman,

Assalaam alaykum. Hali sikuulizi, Sadallah anasema umenenepa.

Anasema pia ukuta ni mtupu. Nilimtuma aangalie, akamuuliza dada wa mapokezi. Kampuni imeachana na wagonjwa tangu Julai, mnatengeneza huduma ya kuuzia vipodozi, Shadya katolewa pamoja na wenzake wa kubuni. Muda wote huo unajua. Umekula chakula changu, umeosha bakuli, umenirudishia.

Siku aliyofariki Malak, wewe ndiye uliyekuwa naye hospitali. Mie nilikuwa nachambua mchele wa kuwaletea jioni. Aliyenipigia ni nesi, mtu baki, akaniuliza kama mie ni ndugu wa marehemu. Hivyo ndivyo nilivyojua. Nilipofika nilikukuta kwenye benchi, simu mkononi. Sikukuuliza siku ile, wala baadaye, nikasema mtoto kachanganyikiwa.

Sasa nimeambiwa na Sadallah. Binti yangu ananifia mara mbili, na mara zote mbili naambiwa na wengine na wewe upo. Inaniuma kuliko nilivyojua.

Leo hakuna chakula, Sadallah kaja na barua tu. Sitaki pole, wala habari za kampuni. Nataka uniambie wewe.

Mama yako.

---

Mwenge, 22 Septemba

Mama,

Malak amefariki.

Amefariki mchana, baada ya adhuhuri. Nilikuwa naye. Maumivu yalikuwa yamehamia kifuani, pumzi ikawa inakata, wakamwekea oksijeni na akawa anaitoa ili aongee. Aliuliza umefika wapi. Nikamwambia Mama yuko njiani. Akasema basi nikutengee kiti, usije ukasimama.

Nilivuta kiti kutoka kitanda cha jirani, nikakiweka upande wa kichwa chake, nikakishika kwa mkono asije mtu akakikalia. Alikitazama, akatulia, nikadhani amelala. Nesi alipomfunika uso bado nilikuwa nimekishika.

Mwanao, Aiman.