Mashine Mbili za Muziki na Gitaa Ulilolichoma

Kwako Yaya Fidele, kaka yangu uliye Kolwezi,

Salamu za mdogo kwa mkubwa wake zitakufikia siku nyingine. Leo nina hasira, na hasira yenyewe nimeibeba muda mrefu mno hadi imenizoea. Barua hii naiweka wazi kwenye kikundi cha familia, palepale ulipoweka zile picha mbili za mashine za muziki, ili shangazi na wajomba waliokupigia makofi wasome na jibu langu.

Uliandika mbele ya wote: "Mudogo, weye njo unajua mambo ya muziki. Nimununulie Mama ile ya shaba ao ile nyepesi? Bei si problème." Kisha ukaweka alama ya moyo. Watu wakakusifu, mtoto mwema, mtoto hajasahau titi alilonyonya. Mimi nilizima simu nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Umeuliza, basi nitakujibu kwanza kama ninavyomjibu mtu yeyote anayekuja kwenye kibanda changu pale sokoni kutiwa nyimbo kwenye kadi.

Ile ya shaba naijua. Mhandisi mmoja aliniletea ya kwake niijaze nyimbo, nikavaa vipokea sauti vyake nikasikiliza. Siwezi kusema uongo, ni tamu. Besi inashuka hadi kifuani, na ngoma unaisikia ina ngozi, si kelele tu. Lakini ni nzito kama jiwe la kusagia pilipili. Ukiitia mfukoni, nguo inalala upande mmoja. Ikicheza kidogo inapata moto, na betri yake inakwisha upesi, nawe unajua umeme wa hapa: nyaya za bwawa la Mwadingusha zinapita juu ya vichwa vyetu zikienda kwa wenye viwanda, sisi tunabaki na mshumaa. Tena hiyo shaba yenyewe, Yaya! Inachimbwa huku kwetu, inazunguka dunia, inaturudia imepigwa msasa, na tunaambiwa tulipe zaidi kwa sababu shaba inafanya sauti iwe tamu. Papa alifanya kazi katikati ya shaba maisha yake yote, na kitu ilichompa ni kikohozi.

Ile nyepesi sijaishika, nimesoma tu maneno ya walionayo. Wanasema besi yake ni kavu kidogo, lakini sauti ya mtu inasimama mbele, hadi unasikia pumzi anayovuta kabla ya neno. Betri yake inakaa. Ubaya wake, imetengenezwa kwa watu wenye intaneti nyumbani. Inapenda kuvuta nyimbo hewani, na Mama hewani anavuta vumbi tu. Ungekuwa mteja, ukaniambia ni ya mama mzee anayependa waimbaji, ningekuambia chukua hiyo nyepesi, nunua na kadi kubwa, niachie nikujazie, kesho pitia.

Lakini wewe si mteja. Kwa hiyo nakuuliza kitu ambacho mteja simuulizi: utatia nini ndani?

Mashine haina wimbo wake. Hata iwe ya dhahabu, inacheza ulichokitia. Watu wananiletea nyimbo zilizonakiliwa kutoka simu hadi simu, zimebanwa na kubanwa tena, halafu wanataka zilie vizuri kwenye vyombo vya bei. Nawaambia chombo kizuri kitawaonyesha uchafu wake tu. Wewe ndiye unayetaka kumvisha Mama vipokea sauti masikioni umchezee muziki safi. Muziki upi? Wa nani? Muziki ambao Mama anautaka unajua ulikwenda wapi.

Hebu kumbuka Jumapili zetu baada ya misa. Papa alikuwa akivua viatu, anakaa kwenye kile kiti kifupi karibu na mlango, anakuita. Alikuwa anasimama nyuma yako anakupanga vidole kwenye nyuzi za gitaa, kimoja kimoja, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Mimi nilipewa chupa ya soda, ile yenye mistari, na kisu cha mezani nikwaruze mapigo. Nilikuwa nakuonea wivu hadi nasaga meno. Baadaye Papa akaacha kabisa kupiga pale nyumbani, akakuachia wewe, yeye akikusikiliza amefumba macho. Jumamosi jioni alipiga na wenzake kwenye ukumbi wa wafanyakazi, lakini Jumapili ilikuwa zamu yako.

Na Mama mlangoni, anachambua matembele, anaimba. Ule wimbo wa bibi harusi aliyekataa kuvuka mto Lufira, Papa aliutunga mwenyewe. Mama anaimba nusu, ananyamaza, gitaa linapita peke yake, kisha Mama anarudi. Kila mara ulikuwa unaharakisha, unaingia kabla hajamaliza. Papa hakukupiga hata siku moja kwa hilo. Alisema tu, "Fidele, usikimbie. Ungoje mama yako." Na Mama alicheka hadi majani yakamwanguka mapajani.

Yote hayo yalikuwa kwenye kanda. Papa alikuwa na zile kaseti ndani ya katoni juu ya kabati, za ukumbini na za pale mlangoni, hata kikohozi cha jirani kilikuwemo. Alipokufa, Mama hakuzigusa mpaka kilio kikaondolewa. Baada ya hapo alikuwa anacheza moja akipika.

Sitasema hukupata taabu. Ulikwenda Kamatanda kuchimba madini kama vijana wengine, shimo likaanguka, wewe ukatoka, rafiki yako akabaki ndani. Nilikuona siku ile ulivyorudi, mweupe kwa vumbi, hujui hata kunywa maji. Ulipoanza kwenda kwenye chumba cha maombi pale kwa jirani, Mama mwenyewe alishukuru. Kisha wakakuambia muziki wa dunia wa baba yako ndio unaokufuata shimoni, na wewe ukasadiki.

Mama alikuwa amekwenda Kapolowe kununua nyanya za kuuza. Nilitoka shule nikasikia sauti yako uani kwa jirani, nikasimama kwenye ua na sare yangu. Utaratibu wao ulikuwa kwamba kitu hakitupwi motoni kimyakimya. Lazima ukitaje kwa jina, ukikane, ndipo watu waitikie "Moto!" Ulianza na gitaa. Halafu ukazishika kaseti. Nyingine hazikuandikwa chochote juu yake, lakini hukubabaika, ulizijua kwa rangi na mikwaruzo yake, ukaita kila wimbo kwa jina. "Bibi harusi wa Lufira!" Moto! Nilikuita nikiwa pale kwenye ua. Uligeuka, ukaniona, ukachukua nyingine.

Mhubiri simlaumu, yeye hakumjua Papa. Mungu simhusishi kabisa. Nakulaumu wewe uliyekuwa na vidole vilivyopangwa na yule mtu.

Mama alifika na ndoo ya nyanya kichwani. Moshi wa plastiki ulikuwa bado unanuka njia nzima. Hakuitua ile ndoo. Alisimama mbele yako akasema, "Fidele, papa yako ulimuzika mara ya pili." Kisha akaingia ndani, akapika, akakupakulia wa kwanza. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo, kwamba alikupakulia.

Basi ukaenda Kolwezi. Ukaanza kununua na kuuza mawe ya madini, ukapata gari, na maombi ukayaacha. Hayo ni yako na Mungu wako. Lakini Krismasi ile uliyokuja, uliegesha jeep getini milango wazi, rumba inapiga mtaa mzima, ukatuita tutoke tusikie sauti yake: "Mukuye musikie! Hii son iko safi!" Rumba, Yaya! Mtu aliyeitia moto rumba ya baba yake! Mama alitoka, akasikiliza, akasema ni nzuri. Ulikula kuku, ukatueleza habari za waya na spika, ukalala, ukaondoka. Neno moja tu nililingoja, hata ungelisema ukiwa umegeukia ukutani. Halikutoka. Sasa unataka mashine iliseme kwa niaba yako.

Nimetafuta, kama ulidhani sikutafuta. Hii kazi ya kutia nyimbo unadhani niliipendea nini? Kila mzee aliyeleta kaseti zake nizihamishe, nilimuuliza kama ana za ukumbini. Nilikwenda hadi kwa yule mpiga besi wa Papa. Alikuwa nazo, zimeota ukungu, utepe unakatika ukiugusa. Tulikaa naye tunazitazama kama wafiwa.

Mama pumzi yake imekuwa fupi. Hili hujaambiwa kwa sababu amekataza, mimi nakuambia. Ngazi tatu za kanisa anazipanda kwa kupumzika. Bado anaimba, lakini kwa sauti ya chini. Akifika katikati ya ule wimbo ananyamaza. Anasema, "Hapa njo papa yenu alikuwa anapita." Anangoja kidogo, mkono umesimama, kisha anarudi. Mimi huko katikati sina kitu cha kumpa. Nilijua chupa tu.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumamosi. Ulituma ule ujumbe wa sauti kueleza tofauti ya mashine zako. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Niliufungua kwenye simu yangu hii iliyopasuka, spika yake inakwaruza kama inzi ndani ya kopo. Ukawa unaongea, mara ile ya shaba ina hiki, mara ile nyepesi ina kile, na ulipokuwa unanyamaza kufikiri, vidole vyako vilikuwa vinagonga meza. Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nakasirika tu.

Mama akaacha maharagwe. "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Hapana, pale anafikiria. Weka pale." Nikaweka. Akasikiliza ameinamisha kichwa, kisha akaanza kuimba, bibi harusi wa Lufira, polepole, hadi katikati. Akaninyooshea kidole, nami nikabonyeza. Vidole vyako vikapita, Yaya. Vyote, hata lile pigo la mwisho la kuchelewa ambalo Papa alikuwa anatabasamu akilipiga. Mama akarudi akamaliza wimbo, akafuta macho kwa kanga. "Kumbe iko mu mikono yake," akasema. "Mwambie akuye."

Ungefikiri nilifurahi kwamba anataka uje. Nilifurahi, ndiyo, kisha nikawaka kuliko siku zote. Kumbe ulikuwa nao! Miaka yote hii, mimi natafuta kwenye ukungu wa watu, wewe unagongea meza za Kolwezi! Krismasi uliketi mbele ya Mama na mikono hiyohiyo, ukaitumia kula kuku!

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Usitume ya shaba, usitume nyepesi. Ukimpa mtu wa basi ailete, nitaiuza kibandani kwangu asubuhi hiyohiyo, nami nitamnunulia Mama mkaa na dawa. Njoo wewe. Gitaa nimeliazima kwa kwaya ya parokia, nyuzi nimefunga mpya. Vidole vitakuuma, viache viume. Utakaa kwenye kile kiti kifupi, Mama atakaa mlangoni, simu nitaiweka juu ya kigoda irekodi, na chupa ninayo. Tukimaliza, hapo ndipo ununue mashine yako, na ununue ile nyepesi, nimekwisha kukueleza sababu: inatunza pumzi kabla ya neno. Pumzi ya Mama ndiyo ninayotaka ibaki.

Usipokuja, najua utakavyofanya. Siku ya kilio cha Mama utaleta spika za kukodi ndefu kuliko mlango, utashika maikrofoni, utalia watu wakusikie hadi barabarani. Siku hiyo, mbele ya shangazi na wajomba hawahawa, nitang'oa nyaya kwa mikono yangu.

Kolwezi si mwezini, na gari unalo. Mama jioni hii ameimba tena, akafika katikati, akangoja. Safari hii alikuwa anatazama getini.

Sijakusamehe, Yaya. Njoo hivyohivyo.

Mdogo wako,
yule wa chupa