Maganda ya Machungwa na Kidonge cha Mama

Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, milima hata haionekani, na mimi nimekaa kibarazani nashukuru tu. Stendi sijaenda. Machungwa yatanisubiri, hayana miguu.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu: namenya machungwa yanayotoka milimani Matombo, mteja anakula palepale stendi amesimama. Maganda nilikuwa natupa. Mpaka akaja Dada Neema, binti anayesoma chuo, akaniomba nimuwekee. Akasema kwenye mabaki ya shambani na sokoni, maganda, kokwa, makapi, kuna vitu wanavichunguza, huenda vikasaidia ubongo usipoteze kumbukumbu.

Mimi shule niliishia darasa la tano. Katika maneno yote yale nilishika mawili: maganda na kumbukumbu.

Kwa sababu nyumbani nina mama.

Mama siku hizi anasahau. Mboga anaitia chumvi mara tatu. Mwezi uliopita akaanza kuniita jina la kaka yake. Kwetu Waluguru mjomba ni mtu mzito kwenye ukoo, nikamwambia sawa, nimepanda cheo. Nilicheka mbele yake. Nilipofika uani sikucheka.

Basi gunia la maganda likaenda chuo, sufuria moja ikabaki kwangu. Nikachemsha maganda na mdalasini na sukari, nikawa nampa asubuhi na jioni. Na hapa naungama: vidonge vyake vya presha niliviweka juu ya kabati. Niliona dawa mbili zitagombana tumboni, moja ipumzike.

Siku ya tatu akaimba wimbo wa usichana wake, mwanzo mpaka mwisho. Nikajiona daktari bingwa. Stendi nzima ikanikoma kwa majigambo.

Alhamisi Dada Neema akaja kuchukua mzigo, nikamsimulia huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Kaka, za presha anakunywa?"

Nikamwambia nimezipumzisha.

Aliliacha gunia palepale, tukachukua bodaboda mbili mpaka nyumbani. Akampa mama shikamoo kwa utulivu, kama amekuja kusalimia tu. Mama alikuwa amejishika kichwa, anasema macho yanaona giza. Tukamkimbiza hospitali, muuguzi akapima presha mara mbili kwa kutoamini. Daktari akasema tungechelewa kidogo mama angepooza, au tungekuwa tunachimba kaburi. Alinisema mpaka wagonjwa wa benchi la nyuma wakanionea huruma.

Nilistahili.

Pale benchi Dada Neema akanielewesha taratibu. Hicho kitu cha kwenye ganda wanakichuja, wanakitenga, na kwa sasa wanakijaribu kwa panya. Bado si dawa, na maji ya sufuria yangu ndiyo kabisa. Tena machungwa mengine yamepigiwa dawa ya wadudu huko shambani. Presha ikipanda, akasema, yenyewe inauumiza ubongo.

Yaani nilikuwa namharibu mama yangu, na sukari nimeweka.

Panya wa chuo wanatunzwa na watu wenye akili kuliko mimi. Leo naweza kulicheka hilo. Alhamisi lisingechekesha.

Mama karudi jana, presha imeshuka. Kusahau kupo palepale, daktari hakunidanganya. Lakini anatembea, anakula, anagombana na kuku. Maganda nitaendelea kumpa Dada Neema, yote, hata moja halibaki nyumbani. Wakifanikiwa, atanufaika mama wa mtu, na mimi nitakuwa nilimenya.

Leo asubuhi nimempa kidonge chake. Nikasimama mbele yake mpaka kameza, kisha nikamwomba afungue mdomo nihakikishe. Akaniangalia vile unavyomwangalia mgeni aliyekosea nyumba.

"Mama yako anajua unavyosumbua watu wazima?"

"Anajua, mama. Kazoea."

Akacheka, nami nikacheka. Halafu nikachukua mkaa nikaandika ukutani, herufi kubwa, juu ya meza ya chai: KIDONGE KWANZA.