Baba Atakuja na Kiti, na Nitakisukuma Mimi

Bulyaga,
Tukuyu.
29 Mei 2025

Mpendwa wifi Hellen,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaweza kukaa na kuinuka bila kushika ukuta, na kidonda cha upasuaji kimekauka. Mtoto ananyonya vizuri? Analala, au ameanza kukukeshesha kama Amoni wangu alivyonikeshesha? Shemeji Baraka naye hajambo na zamu zake za bandarini? Sisi huku hatujambo. Baridi imeshaanza, ukungu unaingia hadi jikoni, na Amoni anakwenda shule na masweta mawili. Mume wangu Lugano yuko safarini na lori. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Ndola. Baba anakula vizuri.

Utashangaa kupata barua badala ya ujumbe wa sauti. Sauti zako hapa zinasikilizwa na wote, simu imewekwa katikati ya meza, na Shangazi Yustina amekaa karibu nayo kuliko mimi. Tena unanijua, nikisema nakwama, nikiandika nafika. Nampa barua hii mama mmoja wa kwaya yetu anayesafiri kesho kuja Dar, atakufikishia mkononi.

Nilisikia ulichosema Jumapili. Ulisema safari ya bustani ya michezo iko palepale likizo ya Juni, lakini Baba aje na fimbo, na kama fimbo haimtoshi basi abaki Tukuyu na binamu yako Jairo, sisi wengine twende. Shangazi aliitikia kabla hujamaliza. Mimi nilinyamaza, na nikinyamaza watu hudhani nimekubali. Sikukubali, wifi. Baba atakuja.

Kwanza ujue kwa nini anataka. Tangu apate kiharusi, mtu aliyeezeka nusu ya nyumba za Bulyaga hajapanda juu zaidi ya kitanda chake. Ulipotuma ile video ya gurudumu kubwa lenye vibanda, lile linalowapandisha watu juu na kuwashusha, alimwambia Amoni airudie na kuirudia mpaka simu ikaisha chaji. Halafu akasema, "Pale juu nitaona Dar wameezekaje." Akacheka. Kicheko kile hata sisi tunaokaa naye tulikuwa tumekisahau.

Sasa hiyo fimbo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituruhusu kujaribu kila kitu, Jairo akimshikilia Baba, mimi nikiangalia kutoka mlangoni. Fimbo inamfikisha getini, kisha bega la kushoto linaanza kushuka, mguu unaburuzwa, na lazima mtu amdake. Ile fremu ya chuma ya kutembelea inataka mikono miwili, na mkono wake wa kushoto haukamati hata kikombe. Magongo ni hivyo hivyo. Na bustani hiyo ina foleni, nimeziona kwenye video yako. Asimame na fimbo mpaka aanguke mbele ya mjukuu wake, ili sisi tujisifu kwamba alikuja kwa miguu yake?

Kwa hiyo ni kiti cha magurudumu. Zahanati ya kanisa wamekubali kutuazima.

Najua shida yako si kiti, ni nani atakisukuma. Lugano hayupo. Jairo amebanwa kiwandani, chai haisubiri. Shemeji hawezi kuacha zamu zake, na wewe hutakiwi kusukuma hata mlango mzito. Ulipendekeza kijana wa kumlipa hukohuko. Baba akajibu kwamba yeye si gunia la viazi. Nimebaki mimi, mke wa mwanawe.

Wewe uliondoka nyumbani ungali mdogo, labda umesahau uzito wa jambo hili. Kwetu mkwe anamtila baba mkwe wake, na neno hilo la Kinyakyusa linabeba kuogopa na kuheshimu kwa pamoja. Simtazami usoni, sikai naye meza moja, jina lake silitaji, na nikikutana naye uani najifunika khanga na kupinda kona. Chakula chake anapeleka Amoni, na maneno yetu yote hupitia kwa Amoni. Mjini wengi wamelegeza. Mimi sijalegeza, na wala si kwa sababu ya Shangazi. Ndiyo njia niliyofundishwa ya kumpenda mzee huyu, sijui nyingine.

Shangazi alipopata habari alikuja Jumanne asubuhi, kabla sijaenda kazini. "Mkwe amsukume mkwe?" aliniuliza. "Kesho utamwogesha? Ndiyo mnayofundishana huko masijala, kati ya mafaili?" Nilikuwa nimeshika birika, nikaliweka chini nisije nikaimwaga chai. Lakini nilijibu. Nilisema, "Shangazi, kumshikilia ili atembee na fimbo yenu ndiko kumgusa. Kiti kina mishikio kwa nyuma. Nitaona mgongo tu." Alijifunga khanga yake akaondoka bila kunywa chai. Shangazi kuondoka bila chai, unajua maana yake.

Zahanati wana viti viwili. Kimoja ni chepesi, kinakunjwa, kingeingia vizuri kwenye buti la basi, lakini mgongo wake ni mfupi, na anayesukuma anampumulia kisogoni aliyekaa. Cha pili ni kizito, magurudumu yanalia, ila mgongo wake ni mrefu, unamfunika mtu mpaka utosini. Kila aliyeulizwa alinishauri chepesi, hata muuguzi. Nimechukua kizito.

Tulikijaribu jana asubuhi kwenye barabara ya kanisani. Jairo alimkalisha Baba kisha akawahi kazini, na Amoni alikuwa ameshakwenda shule. Nikaanza kusukuma, na kwa mazoea nikageuza uso pembeni kama mkwe mwema. Nilikuwa natazama migomba ya jirani nilipohisi kiti kinazama. Gurudumu la mbele lilikuwa limeingia mtaroni. Baba alikuwa amelala upande kama mkungu uliotegemezwa vibaya, kofia yake ndani ya maji. Nilijua nimemuua.

Ndipo aliponena. Barabarani hapakuwa na mtu mwingine, kwa hiyo alizungumza na Amoni, ingawa Amoni alikuwa darasani.

"Amoni," alisema taratibu, akitazama mbele, "mwambie huyo anayesukuma kwamba mgongo wangu hauna uso. Aangalie barabara."

Nikamwambia Amoni kwamba nimesikia. Baba akamwambia Amoni kwamba kofia nayo inaelea. Nikaiokota, nikaikamua, nikaitundika kwenye mgongo wa kiti. Akapeleka mkono wa kulia nyuma akaichukua. Nikakivuta kiti kwa nguvu ambazo sikujua ninazo, tukaenda mpaka kanisani na kurudi. Watu walitoka kutazama. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mila zimeondoka Tukuyu zikahamia Mbeya. Niliogopa kila mlango, na kila mlango tuliupita. Safari hii niliangalia barabara.

Kwa hiyo, wifi, sikuandikii kuomba ruhusa, ingawa wewe ni mkubwa wangu na sitaki uone nimekukosea adabu. Nakuarifu. Likizo nimeshaomba. Bosi alinung'unika kwamba masijala haiwezi kubaki bila karani kwa ajili ya bembea, lakini nilisimama palepale mbele ya meza yake mpaka akasaini.

Nakuomba tu upite kwenye bustani hiyo, au upige simu, uwaulize kama njia zao ni za sakafu au za changarawe, na kama kuna ngazi kabla ya kufika kwenye gurudumu. Waulize kama linasimama kabisa mtu anapopanda, kwa sababu Baba anaweza kusimama kwa mguu wa kulia akipata chuma cha kushika, ila hawezi kurukia kitu kinachokwenda. Uliza pia kama wana mhudumu wa kiume wa kumsaidia msalani, maana hapo mimi sifiki, na Shangazi asipate la kusema.

Kisha uliza jambo moja ambalo wao wataliona la ajabu: ndani ya kile kibanda, viti vinatazamana au vinafuatana?

Vikiwa vinafuatana, nitapanda nikae nyuma yake, nami niyaone hayo mabati ya Dar. Vikiwa vinatazamana, atapanda na Amoni, na mimi nitabaki chini na kiti, nimeshakigeuza, ili akishuka akae moja kwa moja na mgongo wake uwe upande wangu. Wanaotaka kucheka wacheke. Mimi nitakuwa naangalia barabara.

Msalimie sana Shemeji Baraka, na umbusu mtoto kwa ajili yangu. Jairo anakusalimu. Amoni anakusalimu na anauliza kama kuna aliyewahi kutapika kule juu. Baba anakusalimu, na kupitia Amoni wa kweli anasema usihangaike kumnunulia fimbo, bali utuchagulie siku ya jua, kwa sababu bati lililopigwa vibaya huonekana vizuri kwenye jua. Shangazi Yustina hajatuma salamu, nami sitamtungia.

Mungu akukaushie kidonda, ampe mtoto usingizi, na atufikishe kwako sote, wa kusukuma na wa kusukumwa.

Ni mimi wifi yako akupendaye, mwoga yule yule,

Tusajigwe, Mama Amoni