Ile Bastola Nyepesi Uliyomwagizia Baba

S.L.P. 418,
Bweri,
Musoma.
9 Mei 2025

Mpendwa Kaka Mugeta,

Kuna sauti moja ambayo tangu mwezi wa tatu haijanitoka masikioni: chuma kikivutwa juu ya chuma, taratibu, halafu kikakwama katikati. Nimeanza barua kwa hiyo kabla hata ya salamu, na Mama angejua angenikemea. Basi nirudi nyuma, nikuamkie inavyotakiwa.

Shikamoo kaka. Hujambo huko Kitwe? Kifua kimepona, au bado vumbi la mgodini linakukohoza? Wifi na watoto ni wazima? Mimi mwili ni mzima. Mama naye ni mzima, ila magoti. Mvua zimenyesha vizuri, mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika, na Dada Esta kule Guta anasema mpunga wao mwaka huu unatia moyo.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu siwezi. Nikiongea sebuleni Baba ananisikia, nikitoka nje majirani wananisikia, na wewe ukiwa zamu unaniambia nifupishe. Jambo hili halifupishiki. Barua atakuletea Benjamini, mtoto wa jirani yetu mzee Amos, anayevuka mpaka kurudi huko na lori.

Ni kuhusu bastola. Mwezi wa kwanza Baba mdogo Mseti alikupigia simu akakueleza kwamba Baba aliiangusha kituoni polisi siku ya kuipeleka ikaguliwe, mbele ya vijana, na kwamba kile chuma sasa kimeishinda mikono yake. Ni kweli aliiangusha. Ukafikiri kama mtu anayeijua kazi hiyo, maana wewe mwenyewe unavaa ya plastiki ngumu kiunoni kila siku pale getini kwenu. Ukasema ni nyepesi sana, haishiki kutu, kuuvuta mgongo wake ili kuikoki hakutaki nguvu, na haina kile kitasa cha usalama cha pembeni cha kuhangaika nacho; ukivuta kifyatulio, imelia. Ukaagiza moja dukani Mwanza ili Baba aombe kubadilishiwa kibali. Ulitaka mema. Nalisema hili mapema ili yanayofuata usiyasome kama lawama.

Ile ya chuma unaikumbuka. Baba aliipata enzi za kununua ng'ombe minadani, alipokuwa akitembea na fedha za watu porini. Mpini wake wa mbao umelika mpaka umechukua umbo la kiganja chake. Kila Jumamosi aliipaka mafuta, kila Jumapili aliiacha ndani, kwa sababu kanisa letu halipendi silaha naye hakupenda kumkwaza mchungaji. Wewe ndiye uliyenifundisha, nikiwa kidato cha pili, kwamba kitasa kikiwa chini imelala, haifyatuki, kikiwa juu imeamka.

Jioni ile ya mwezi wa tatu Mama alikuwa kwaya. Nilimpelekea Baba chai chumbani, nikagonga. Ndipo nikaisikia ile sauti nyuma ya mlango, kisha sauti yake mwenyewe.

"Nani?"

"Mimi Wegesa, baba."

"Wegesa nilimzika mwenyewe, kule Mwitongo. Wewe ni nani unayejiita mama yangu?"

Kaka, unajua jina la bibi ndilo nililopewa, na unajua jinsi lilivyokuwa furaha ya Baba. Alikuwa akiniamkia shikamoo mbele ya wageni ili wacheke. Sasa sikuwa na jina jingine la kumpa. Kila nikilitaja hilo moja nilikuwa namwongezea hofu. Nikakaa sakafuni palepale, na kikombe mkononi. Baada ya muda akafungua mlango, akanitazama, akauliza kwa nini nimekaa chini kama mgeni aliyenyimwa kiti, na chai mbona imepoa.

Bastola ilikuwa kitandani. Mgongo wake ulikuwa umevutwa nusu ukagoma, na kitasa kilikuwa chini. Mikono yake haikuwa na nguvu ya kumalizia, na kitasa alikisahau. Uzito ule tuliotaka kumwondolea ndio ulionibakiza hai. Ile nyepesi ingemtii.

Niliyasema hayo Baba mdogo alipokuja kutoka Mwitongo na Dada Esta kutoka Guta. Tulikaa uani, Baba amelala ndani. Nadhani walinisikia, ila walichagua kuzungumza yaliyo rahisi. Baba mdogo akasema bastola ya plastiki ni ya watoto kumwagiana maji, mwizi ataicheka kwanza ndipo akimbie. Esta akamjibu kwamba hata ndoo zilikuwaga za bati, na leo yeye mwenyewe baba mdogo anaoga kwenye ya plastiki na hajaona aibu. Wakacheka, nami nikacheka. Wakaendelea hivyo mpaka ugali ukaiva, chuma na plastiki, plastiki na chuma, kama watu wanaomchagulia mzee jembe.

Niliposema labda asiwe na yoyote, kicheko kikaisha. Baba mdogo alinieleza, bila ukali, kwamba kwetu silaha ya mzee haichukuliwi. Huitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mtoto wake wa kiume wa kwanza. Kumnyang'anya akiwa hai ni kumchimbia kaburi huku anaangalia. Na kwa kuwa Mugeta yuko mbali, basi isubiri.

Mama alikuwa anachambua dagaa. Hakuinua kichwa.

"Inasubiri chini ya mto ninaolalia mimi," alisema, akaendelea kuchambua.

Nilimpeleka Baba kwa daktari mjini. Alipoulizwa watoto wake alikutaja wewe, akamtaja Esta, halafu akanigeukia akamwambia daktari kuwa huyu ni binti wa watu, amemsaidia kupanda bodaboda, Mungu ambariki. Daktari anasema ni ugonjwa wa kusahau, na kwamba haurudi nyuma, unakwenda mbele tu. Mimi nafundisha fizikia. Neno "mbele" nimelitumia darasani maisha yangu yote ya kazi bila kuliogopa.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Jumatatu hii asubuhi mawingu yalikuwa mazito, nikachukua lile koti lako la mvua lenye kofia, lililobaki msumarini tangu uondoke, maana langu limepasuka. Nilirudi kutoka shule mvua inapiga. Umeme ulikuwa umekatika na sebuleni hakukuwa na mwanga wa maana. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, bastola mapajani, imefungwa kitambaa cheupe. Alinitazama nilivyosimama mlangoni natiririka maji, wala hakuogopa.

"Mugeta," alisema. "Umechelewa, mwanangu."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Niliufikiria. Nikafikiria pia ukweli ulivyofanya kazi mwezi wa tatu.

"Naam, baba."

Akainuka kwa shida, akaniwekea ile bastola mikononi kwa mikono yake miwili. Akanitemea mate kidogo kifuani kama wazee wetu wanavyobariki. Akaniambia ameibeba miaka mingi na hajawahi kumwelekezea mtu akafyatua, nami nifanye hivyohivyo. Kisha akashusha sauti, kama kuna mtu chumba cha pili ambaye hakutaka asikie.

"Na Wegesa umwangalie. Yule anawazaga sana. Akili nyingi, usingizi kidogo. Usimwache peke yake na huyu mzee."

Nikamwambia nitamwangalia.

Kaka, nililia ndani ya kofia ya koti lako na mvua ikanisaidia nisionekane. Mwaka huu wote sijamsikia Baba akinitaja kama mwanawe. Siku aliponitaja, aliyetajiwa hakuwa mimi. Na huyo mzee aliyeniogopea sijui alimwona nani. Sijui kama anajijua anavyokwenda, na anajaribu kutuacha salama kabla hajafika. Nalala na swali hilo, naamka nalo.

Baraka ile ilikuwa yako, na nimeipokea mimi kwa jina lako. Nimejiuliza kama ni wizi. Baba mdogo akijua atasema ni wizi, na ataongeza kwamba binti hapokei silaha ya baba. Najua tu kwamba haikunyang'anywa: aliitoa mwenyewe, kwa mkono wake, kwa mtoto wake. Hilo la kutumia jina lako, nisamehe wewe. Ukipiga simu naye akakuuliza kama unayo, tafadhali mwambie unayo, na usiulize zaidi. Na kama kazi inaweza kukuachia hata wiki mbili, njoo angali anakujua. Sitaki uje kunisaidia, njoo umwone.

Mama anakusalimu, anasema wajukuu waanze kufundishwa Kiswahili wasije wakaongea naye kwa mikono. Dada Esta na mumewe wanakusalimu. Baba mdogo Mseti naye, pamoja na watu wote wa Mwitongo. Msalimie sana wifi, na wale watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Jumanne asubuhi, Mama akiwepo, nilimwita Afande Prosper, yule polisi anayeimba besi kwenye kwaya ya Mama. Alikuja bila sare, kama mtu aliyepita kusalimia. Akatoa risasi mezani, akaandika, akachukua barua ya daktari, akaondoka na bastola kwenda kuikabidhi kwenye ghala lao la silaha. Aliniuliza tunabadilisha kwa ipi, ya chuma nyingine au hizi mpya. Nilimwambia hatubadilishi. Baadaye nikapiga simu dukani Mwanza, nikawaambia ile uliyoagiza wamuuzie mtu mwingine.

Mungu akusimamie katika zamu zako, akurudishe kwetu kwa miguu yako mwenyewe.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Wegesa